Khabari ya Muuzaji wa Kitu cha Kale

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemlainishia Nabii Dawud chuma, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyeisifu riziki itokayo katika kazi ya mkono.

Ama baada ya hayo. Huko bara, kusini ya ziwa la Viktoria, katika nchi ya Buzinza na Geita inayojulikana leo kwa dhahabu, walikuwako wahunzi waitwao Warongo. Walijenga tanuri za udongo, wakatia mawe ya chuma na mkaa, wakavuvia kwa mivuo hata chuma kikapatikana, wakafua majembe. Watu wa Usukuma waliyanunua kwa mifugo, na majembe yaliingia hata katika mahari. Yalipokuja majembe ya Ulaya kwa bei rahisi, tanuri zikazimika.

Leo atakaye kuona mambo ya uhunzi huenda Bujora, karibu na Kisesa, nje ya mji wa Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa mwaka 1968. Mgeni hutazama, kisha hutaka kitu cha kurudi nacho kwao. Jembe la kulimia limekuwa la kutundikwa ukutani, na biashara hiyo ni halali. (Vinyago ni mlango mwingine.)

Lakini ikiwa mfuaji atalifukia jembe jipya mchangani lishike kutu, kisha akaliuza kwa jina la jembe la babu, hiyo ni ghashi. Mtume alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono, vidole vikapata umajimaji. Mwenyewe akataja mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule uliolowa juu watu wauone, akamkana mwenye kughushi.

Wala mtu wa pwani asidhani kuwa hili ni la bara tu. Unguja na Lamu nako huuzwa makasha na milango, na yupo anenaye, Mnunuzi si Muislamu, tena tajiri. Udhuru huo haufai. Haki ya mnunuzi haiondoki kwa dini yake wala kwa mali yake.

Yampasa muuzaji kusema, Hili limefuliwa mwaka huu kwa mfano wa yale ya zamani. Na aliyekwisha kughushi amrudishie mwenyewe alichomzidishia. Akiwa amekwenda zake na hajulikani alipo, zile fedha azitoe sadaka kwa niaba yake, asizile.