Je, Mwenye Njaa Ana Haki Gani Porini?

Ndugu msomaji, katika vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mtu aweza kulala njaa ilhali maelfu ya nyumbu wanapita si mbali na shamba lake. Akitega waya hifadhini apate kitoweo, sheria humwita jangili. Je, dhamiri imwite nani?

Wapo wasemao: Mwenyezi Mungu ameumba wanyama kwa ajili ya mwanadamu, basi mwenye njaa na ale. Neno hili lina ukweli, lakini halikutimia. Tulichopewa sisi wamepewa pia watakaozaliwa baada yetu. Tena waya hauchagui: hunasa nyumbu, hunasa na simba, na pengine mnyama huozea mtegoni asiliwe na mtu. Hiyo si riziki, bali ni ubadhirifu.

Yapasa tufahamu pia jinsi viumbe walivyofungamana. Ng'ombe wa kandokando ya Serengeti walipochanjwa, sotoka ikatoweka, nyumbu nao wakapona. Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walizidi milioni moja. Walikula majani mengi, moto wa nyika ukapungua, miti ikaota tena. Hivyo chanjo ya ng'ombe wa mfugaji ikawa uhai wa pori.

Lakini haki ina pande mbili. Tembo wakiingia shambani usiku mmoja, chakula cha mwaka hupotea. Serikali hutoa kifuta jasho. Lakini, kama jina lake lisemavyo, hicho si malipo ya hasara yote. Kumwambia mkulima huyo alinde pori kwa faida ya ulimwengu, na ulimwengu usimsaidie, ni dhuluma.

Mwaka 2019 wataalamu wa Tume ya EAT-Lancet walishauri kwamba, kwa afya ya watu na ya dunia, mtu ale wastani wa gramu 14 tu za nyama nyekundu kwa siku. Shauri hili lamhusu kwanza alaye nyama kila siku, wala si yule aionaye siku ya sherehe.

Basi mwenye njaa na auache waya, ashike ulezi, mtama na muhogo, vyakula vistahimilivyo ukame. Na aliyeshiba apunguze sahani yake, achangie hasara ya jirani. Njaa hupunguza lawama ya mtegaji, ingawa haiuhalalishi mtego. Bali shibe ya asiyejali huizidisha lawama yake mwenyewe. Jiulize, ndugu msomaji, wewe u upande gani?