Kikwembe cha China: tufunge mlango?

Kwetu Shari, kama pote Bunia, kikwembe si kitambaa tu. Kinatolewa kwa mama wa bibi-arusi, kinavaliwa siku ya kilio, na tarehe 8 Machi njo kinatambulisha wamama wa kundi moja. Zamani, katika pori la Ituri, watu waliponda gome la mti mpaka likawa nguo, na wanawake wakachora juu yake. Leo nguo nyingi za sokoni zinatoka China, zikipitia Kampala na Mahagi, ao kwa wachuuzi wa Butembo wanaofika mpaka Guangzhou.

Wengi wanauliza: serikali izuie nguo hizo, ili kazi ya kwetu isife?

Wanaosema ndiyo wako na sababu. Kule Kisangani, SOTEXKI ilitengeneza vikwembe vyetu. Kule Kinshasa, kazi iliyotoka kwa Utexafrica ilifungwa mwaka 2007. Vita na barabara mbovu viliumiza viwanda, na vitambaa vya bei ya chini vikaongeza shida. Tena, vingine vinabeba uwongo: pindoni pameandikwa ni wax ya Uholanzi, kumbe vilichapwa China. Hapo hatuna shaka. Uwongo uzuiwe.

Lakini bei ya chini si uwongo. Tufikiri mama mjane mwenye watoto wane wa shule. Kila mtoto anahitaji shati nyeupe na nguo ya bulu, bila hiyo anaweza kurudishwa nyumbani. Duane ikipandisha ushuru, mwenye kiwanda wa China hatalipa, na mchuuzi ataongeza bei. Atakayelipa njo yule mama. Hata Ulaya waliona hivyo: mwaka 2005 walipowekea nguo za China kipimo, makumi ya mamilioni ya nguo zilikwama bandarini, nazo zilikuwa zimeagizwa na wenye maduka wa Ulaya wenyewe.

Basi, ni haki kumwomba mjane avumilie kwa ajili ya kiwanda? Kisangani iko mbali nasi zaidi ya kilomita 600. Hapa kwetu hakuna kiwanda cha kulinda. Kufunga mlango wa nyumba tupu hakumlishi mtu. Na sadaka ni sadaka ikitoka kwa mwenyewe. Ikichukuliwa kwa maskini bila kumuuliza, inabadilika jina.

Swali hili halitaishia kwenye mazungumzo. Inchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka uleule Jumuiya ilikubali ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa fulani kutoka inje, nguo zikiwemo.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kitambaa cha China kimekuwa mgeni wetu muda mrefu. Tukipe jembe. Kiingie kwa ushuru mdogo kikiwa bado kitambaa, kishonwe hapa. Nguo iliyokwisha kushonwa inje njo ilipe zaidi, kidogo kidogo, kadiri mafundi wetu wanavyoongezeka. Na feza ya duane iwanunulie vijana mashini za kushona. Hapo mjane akilipa, analipa kwa fundi jirani yake, ambaye pengine ni mtoto wake mwenyewe.

Mwenye kutaka kufunga mlango atuambie kwanza: kesho asubuhi, watoto hawa watavaa nini?