Bustani Isiyolisha Mtu

Je, ni halali kwa Mkristo kumwagilia maua wakati jirani yake anabeba maji kichwani? Wanafunzi wa theolojia hulijibu swali hili upesi, kwa kuwa Bwana mwenyewe aliwaambia watu wayatazame maua ya kondeni. Lakini maua yale yalinyweshwa na Mungu. Ya kwetu hapa Kigoma hunyweshwa kwa karai.

Kwa msomaji asiyezijua sehemu hizi: mvua hukatika mwezi Mei, na hadi karibu na Oktoba vumbi jekundu ndilo linalotawala. Ziwa Tanganyika lipo pale chini, lenye kina cha mita 1,470, na bado mama anayekaa mlimani hulitazama ziwa lote hilo huku dumu lake likiwa tupu. Wanaokumbuka kipindupindu cha Kagunga mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa katika kijiji kile cha ufukweni, hawahitaji mchungaji awafundishe thamani ya maji safi. Basi tukubaliane kwanza: siku maji ya kunywa yakikosekana, maua na yafe.

Lakini swali halikomi hapo. Mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, mke wangu alipanda zinia, marigoldi na mche mmoja wa asumini mbele ya nyumba ya mchungaji, mahali ambapo miaka yote palikuwa pa kufagia tu. Kwetu sote wawili, tangu utoto, bustani maana yake ilikuwa mchicha na matembele. Maji tuliyotumia ni yale yaliyokwisha kusuuza nguo na vyombo. Zinia ziliota ndani ya juma moja. Mwezi Julai, kila kitu kilipokuwa rangi ya vumbi, zilifungua nyekundu na machungwa kali kiasi kwamba watoto waliotoka shule walisimama njiani. Nami pia nilisimama, kila asubuhi, nikiwa nimechelewa. Mtu hutazama mahindi akihesabu magunia. Zinia haina cha kuhesabu, ni kutazama tu.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Baba Mchungaji, hivi haya yanaliwa?" Nikamwambia hapana. Juma lililofuata alileta vipando vya matembele, akavipanda upande wa pili wa njia bila kusema neno. Nilimheshimu kwa hilo. Hoja yake ni ile ya watu waliokuwa Bethania, mwanamke alipoivunja chupa ya marhamu: dinari 300, karibu ujira wa mwaka mzima, zingewafaa maskini. Hesabu yao ilikuwa sahihi, na Yesu hakuisahihisha. Tena aliposema kwamba maskini wako nasi siku zote, alikuwa akikumbusha Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 15, ambako neno hilohilo linafuatwa na amri ya kumfumbulia maskini mkono. Hakutupa ruhusa ya kuwasahau. Alikataa tu kwamba kila kitu chema lazima kijieleze kwa faida yake.

Nilisoma Makumira. Jirani, kule Usa River, kulikuwa na mashamba makubwa ya waridi yaliyokatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, nayo yalikunywa maji mengi kuliko karai letu. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza kama yale yanaliwa, kwa sababu yaliuzwa. Inaelekea basi kinachotusumbua si ua. Ni ua lisilo na bei.

Maandiko hayana haya hiyo. Katika Mwanzo 2:9 miti ya Edeni inasifiwa kwanza kwa kupendeza macho, kisha kwa kuliwa. Katika Ayubu 38 Mungu hunyesha mvua jangwani asikokaa mtu, ili majani yaote huko, bila mlaji wala mtazamaji. Na Luther, alipoeleza muhuri wake mwaka 1530, aliuweka moyo wenye msalaba katikati ya waridi jeupe, akisema kwamba imani huleta furaha, faraja na amani. Angeweza kuchagua mkate.

Mwezi Agosti familia moja ya wavuvi ilimzika mtoto wa miezi minne. Bei ya shada la plastiki ilikuwa imewashinda. Bibi wa marehemu alikuja alfajiri, akasimama pembeni ya njia, akauliza kama angeweza kupewa "machache tu". Mke wangu alizikata zinia zote, akaacha vikonyo.

Ningeweza kuitumia habari hii kumjibu mzee wangu: unaona, yana kazi. Sitaki. Ningekuwa nimekubali kwamba yalihitaji kazi, na kwamba Juni na Julai yote yalikuwa uharibifu mpaka mtoto alipokufa akayapatia sababu. Mama yule hakuletewa kitu chenye faida. Aliletewa kilichokuwa kizuri kabla hajakihitaji, na nadhani ndiyo maana kilimfaa.

Mzee alikuwepo makaburini. Ndiye aliyebeba ndoo ya maua kutoka nyumbani kwetu, akayapanga juu ya udongo moja moja, rangi kwa rangi, akirudia pale upepo wa ziwani ulipoyaangusha. Hakuniambia kitu, nami sikumwambia.