Mkuu wa Polisi Akirudi Nyumbani

Afisa wa polisi nchini Tanzania huishi kwa uhamisho: leo Mtwara, kesho Kagera, familia ikifungasha vyombo na watoto wakibadili shule. Kustaafu humrudisha nyumbani, na si kila mmoja huzoea upesi, maana wajukuu hawapokei amri. Mtaani nako kazi ipo. Chini ya Said Mwema, Inspekta Jenerali wa Polisi kuanzia 2006 hadi 2013, Jeshi la Polisi lilisisitiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, yaani wakazi kulinda mtaa wao wakishirikiana na askari. Hapo mstaafu hufaa kuliko wengi: anaujua mwenendo wa kesi, na ugomvi wa mpaka wa shamba anaweza kuusuluhisha kabla haujafika kituoni.