Kujificha Nyuma ya Wanyonge



Wengi wetu hapa Choma twaifahamu Ulyankulu, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika mkoa wetu wa Tabora. Je, tumepata kujiuliza kwa nini waliletwa mbali hivi, wasiachwe Kigoma karibu na kwao? Mkataba wa Wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 wataka wakimbizi wakae umbali wa kutosha na mpaka wa nchi waliyotoka. Mwenye silaha akichanganyika nao pale mpakani, wao ndio huwa ngao yake.

Tazameni yaliyotokea Goma. Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Zaire. Pamoja nao walikuwamo askari wa serikali iliyoshindwa na Interahamwe, waliotoka kufanya mauaji ya kimbari. Hao ndio walioshika kambi. Waligawa chakula cha msaada wapendavyo, wakawatisha waliotaka kurudi makwao. Novemba 1994 Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka, wakikataa kuwalisha wauaji. Hatuwezi kuwalaumu, ingawa mama mwenye mtoto mgonjwa hakuwa na hatia yoyote, naye ndiye aliyepungukiwa daktari. Mwaka 1996 kambi zilishambuliwa. Wengi walirudi Rwanda. Wengine walikimbilia msituni hadi Tingi-Tingi na mbele zaidi, wakaandamwa na kuuawa, wanawake na watoto wakiwamo.

Damu hii ni juu ya nani? Wako wasemao ni juu ya aliyejificha peke yake. Twaona hesabu hiyo ni rahisi mno. Mkataba wa Geneva wa 1949 wakataza kuwatumia raia ili mahali pasishambuliwe. Lakini Itifaki ya 1977 yaongeza kwamba hata adui akivunja sheria hiyo, anayemshambulia hafunguliwi wajibu wake kwa raia. Kwani mwenye bunduki naye anamwona yule mtoto aliyesimamishwa mbele.

Katika 1 Samweli 22, Doegi aliwaua makuhani 85 wa Nobu kwa amri ya Sauli, kwa kuwa Daudi alipita kwao akawaficha ukweli wa safari yake. Upanga ulikuwa wa Doegi. Hata hivyo Daudi alikiri mbele ya Abiathari kwamba yeye ndiye sababu. Sura ifuatayo yamwonyesha Daudi akiwa Keila, mji aliouokoa na Wafilisti. Alisikia Sauli anakuja kuuharibu kwa ajili yake. Alikuwa na watu 600, malango ya kufunga, na wenyeji wa kuwatanguliza. Kweli alijulishwa pia kwamba wenyeji wangemtoa, kwa hiyo hatusemi aliondoka kwa wema mtupu. Lakini aliondoka na watu wake wote, wakaishi nyikani. Sauli alipopata habari, aliiacha safari yake ya Keila.