Kabati la Mjomba

Sebuleni kwa mjomba wangu, hapa Kampala, kuna kabati la vioo lenye kufuli. Ndani yake hamna vyombo vya wageni wala picha za harusi. Kuna magari, nyumba na mnara mmoja, vyote vimeundwa kwa matofali madogo ya plastiki ya LEGO. Mjomba alianza kuyanunua alipokuwa akisoma Denmark, nchi yalikozaliwa matofali hayo, na aliporudi sanduku lake la matofali lilikuwa kubwa kuliko la nguo. Mgeni akiliona kabati hucheka kwanza, kisha huambiwa asisogee karibu.

Nilipoanza chuo nilikuja kukaa kwake, na kazi ya kufuta vumbi ikawa yangu. Si kazi ndogo. Barabara yetu haina lami, na vumbi lake jekundu hupenya hata palipofungwa. Kitambaa hakifai kwa sababu hunasa kwenye vipande vidogo na kuving'oa, kwa hiyo natumia brashi laini ya kupakia rangi. Vipande vilivyochafuka sana huoshwa kwa maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, maana maji ya moto huweza kuvipinda. Pazia la upande wa magharibi halifunguliwi alasiri, kwani jua hugeuza matofali meupe kuwa ya manjano. Kwa miaka miwili sisi wenye kupumua tumekaa gizani ili plastiki isizeeke.

Kipenzi cha kabati ni Land Rover ya kijani yenye vipande 2,573. Ukizungusha usukani magurudumu hugeuka, na gia zake hubadilishwa kweli. Babu yetu alikuwa dereva wa gari la namna hiyo maisha yake yote. Mjomba aliliunganisha baada ya msiba wa babu, usiku kwa usiku, wiki tatu. Ndiyo maana hakuna mtu mzima nyumbani anayeliita gari la kuchezea.

Mwezi wa Aprili nililiangusha. Mkono mmoja ulishika brashi na mwingine simu, basi. Mlango, boneti na paa viling'oka. Nilivirudisha nilivyoweza, nikafunga kabati na kuutia ufunguo mfukoni. Jioni mjomba aliona. Hakuniuliza mimi. Alimwita binti yake wa miaka saba, ambaye kila siku hubandika pua kwenye kile kioo, akamwamuru apige magoti. Mtoto alilia, "Baba, si mimi." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ule ufunguo mfukoni mwangu peke yake ungetosha kumtetea.

Nilinyamaza siku nne.

Katika siku hizo nilijitafutia udhuru, na falsafa ina udhuru mwingi kwa anayeutaka. Tulikuwa tumesoma darasani habari za meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja hadi watu wakabishana kama bado ni meli ile ile. Nilijiambia kwamba matofali haya yametengenezwa ili yabomolewe na kujengwa tena. Tofali lililoombewa hataza mwaka 1958 bado linashikana na la leo. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Hasara, basi, ilikuwa nusu saa na kile kitabu cha maelekezo. Kwa nini mtu agombe?

Lakini mjomba alipolirekebisha gari, akiwa peke yake mezani, nilimsikia akisema, "Si lile tena." Mwanzoni niliona anakuza jambo. Sasa nadhani alisema kweli: alichokuwa amekiweka kabatini ni zile wiki tatu. Hapo nakubaliana naye kuhusu kufuli. Huzuni huhitaji mahali pa kukaa, na hatuwaruhusu watoto kucheza juu ya makaburi. Nisichokubali ni kwamba aliyetuomba sote tuishi kwa kuizunguka kumbukumbu yake alimhukumu mtu bila kumsikiliza. Na ikiwa thamani ya gari iko katika zile wiki tatu, mtoto hawezi kuiangusha hata akitaka.

Kosa langu, hata hivyo, haliondolewi na kosa lake. Nilikuwa nimezoea mno kuogopa mkwaruzo. Siku ile mlangoni, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba mjomba asigundue mlinzi wake ni mzembe. Machozi ya mtoto yalikuja ya pili.

Siku ya tano nilimweleza mjomba. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na yeye umeshamwambia?" Sikuwa nimemwambia. Nilimkuta uani, nikachuchumaa mbele yake na kumwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri, halafu akauliza, "Kaka, adhabu ya kuligusa nimeshapewa. Sasa naweza kuligusa?"

Nilishindwa kumjibu. Nilimpelekea baba yake swali hilo vile vile lilivyoulizwa. Naye hadi leo hajajibu, ila jana alasiri nilikuta pazia limefunguliwa, na hakuna aliyesema ni nani aliyelifungua.