Simu kwa Fundi: Amana ya Nani?

Ndugu msomaji, umpapo fundi simu iliyovunjika kioo, ukamwambia na nambari ya siri, je, umempa kioo au umempa nyumba yako? Humo zimo picha za mkeo na wanao, na maneno aliyokuambia rafikiyo wewe peke yako. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha ya mtu. Lakini sheria huja siri ikisha kutoka. Fundi apekuaye ni mwenye khiyana, hapana shaka. Walakini siri ya mwenzio ni amana kwako kabla ya kuwa kwa fundi. Basi ikiwa simu yafunguka, nakili yaliyomo, uyafute, utoe na kadi. Ikiwa haifunguki, keti kando yake hata amalize.